Taji la Maziwa

Kwa kabila mimi ni Mulega wa Mwenga, na ng'ombe namwogopa. Nalisema mapema ili usinicheke katikati ya habari. Kwetu mtu hukulia kati ya miti na mito, anajua kutega, anajua njia za msituni, lakini mnyama mkubwa mwenye pembe anayesimama akikutazama usoni bila kusema neno, huyo hatukumzoea. Basi nilipompenda binti wa Kishi, kabila la wafugaji, na baba yake akaniambia kwamba mahari ni ng'ombe, tena si bei ya ng'ombe, bali ng'ombe mwenyewe na miguu yake minne, nilikaa siku tatu bila kula vizuri. Mwishowe nilimpata jike mwekundu mwenye doa jeupe tumboni, tukampeleka Walungu, kwao binti, kwa miguu. Kamba alishika mtu mwingine. Mimi nilitembea nyuma kabisa, na viatu mkononi kwa ajili ya tope.

Nimeanza na ng'ombe, lakini kilichoniharibia nyumba ni matone.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mpiga picha katika studio moja mjini Bukavu. Mwenyewe wa kwanza, mgeni, alikuwa ameondoka, na aliyepewa studio baada yake hakujua hata mlango wa chumba cha giza uko wapi. Tulibaki wawili wa kazi: mimi wa kupiga, na muzee mmoja Mushi, wa kabila la mke wangu, wa kufanya retushi, yule anayekaa dirishani na kalamu ya risasi nyembamba akiwaondolea watu chunusi na makovu. Kazi yetu ilikuwa picha za karti, za vitambulisho. Abakosti, lile koti lisilo na tai, imefungwa mpaka shingoni, uso mbele, usicheke, flashi, mwingine aingie. Ukinitazama utadhani nilijua watu wa Bukavu wote, kumbe nilijua mapaji ya nyuso zao tu.

Siku moja nikitafuta karatasi katika droo ya yule mgeni nilikuta gazeti la Kifaransa la mambo ya picha, limeliwa na mende pembeni. Ndani kulikuwa na picha ya tone lililoanguka. Lilikuwa limesimama juu ya sahani, ukuta mwembamba wa duara, na juu ya ukuta vishanga vidogo kuzunguka pande zote. Taji kamili, kama la mfalme. Nilimpelekea muzee wa retushi.

"Iyo balichora," alisema.

"Apana, muzee. Ni flashi."

"Miye niko mutu wa retushi. Bya kuchora ninabijua."

Basi nikaudhika. Mimi hasira zangu ziko karibu, sitaficha. Nikamwambia nitaifanya hiyo picha nyumbani kwangu, kwa mikono yangu, na nitaiweka juu ya meza yake. Alicheka akarudi kwenye chunusi zake. Lakini si yeye tu aliyenisukuma. Nyuso zile zote nilizopiga, hakuna hata moja niliyoitaka mwenyewe. Nilitaka kitu kimoja, hata kidogo sana, ambacho mtu akikiona ataniuliza nimekifanyaje.

Tulikaa Nyalukemba, katika nyumba ndogo ya vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ya watu wengine. Hatukuwa bado na mtoto. Siku ya Jumapili mchana nilitundika mablanketi kwenye dirisha la chumba cha mbele mpaka giza likaenea. Juu ya kabati niliweka ndoo ya maji, na kutoka kwenye ndoo nikashusha mpira wa seramu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza matone, niliopewa na muuguzi mmoja niliyempiga picha. Chini, sahani ya bati. Nyuma ya sahani, kartoni nyeusi. Unaacha kamera imefunguka gizani, tone linaanguka, unabonyeza flashi kwa kidole, unafunga. Mwanga wa flashi ni mfupi kuliko kupepesa jicho, na tone linasimama pale lilipo.

Ni rahisi kusema. Ukingoja kusikia "to", umechelewa, kila kitu kimekwisha. Lazima ubonyeze kabla ya sauti, na kabla yake kidogo sana. Kwa hiyo nilihesabu. Mke wangu alinishikia mpira usitikisike, akicheka, akisema majirani wakituona watasema tunatibu ndoo. Aliyapenda yale mambo mwanzoni, na mimi nilipenda kumsikia akicheka gizani.

Lakini maji hayakukubali. Nikisafisha filimu sioni ila kivuli na mng'ao, maji ni kioo, mwanga unapita tu. Jumapili ikawa Jumapili na Jumamosi, halafu na jioni nikitoka kazini. Akianza kunieleza ya sokoni, nilimwambia nyamaza, nahesabu. Siku moja aliuliza, akiwa bado ameshika mpira:

"Na miye utanipiga picha siku gani?"

"Weye uko hapa kila siku," nilimjibu. "Tone iko inapita."

Nilidhani ni jibu zuri. Nilicheka hata mwenyewe.

Baada ya hapo kule Walungu ng'ombe wangu alizaa. Ndama aliposhiba, mama mkwe alitutumia maziwa ya kwanza katika kibuyu, kimefungwa kwa jani la mgomba, na shangazi mmoja aliyepanda kamyo, lori la mizigo, akakishika mapajani njia nzima. Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili. Alinimiminia kikombe. Sasa ujue kwamba mimi maziwa tumbo langu haliyataki, sikuyazoea tangu utoto. Nilimwambia nitakunywa baadaye. Aliweka kibuyu kwenye kona ya baridi, akaenda soko la Nyawera kununua mboga.

Nilibaki na kibuyu. Nilikitazama. Halafu nikagonga paji langu: maji ni kioo, lakini maziwa ni meupe!

Nilifunga mablanketi mbio. Ndoo nikaiondoa, maziwa nikayatia katika sufuria juu ya kabati, mengine nikayamwaga kidogo kwenye sahani ili tone lipate pa kuangukia. Nilipiga filimu nzima. Kila mara flashi inajaa tena, inatoa ile sauti yake nyembamba, nami nahesabu, nabonyeza, na katika mwanga ule naona kitu cheupe kimeruka. Yaliyoanguka mezani yalianguka, yaliyotiririka chini yalitiririka. Sahani ikichafuka niliimwaga ndani ya ndoo ya uchafu na kuanza upya.

Alifungua mlango mwanga ukaingia wote.

"Ile ni maziwa gani?" aliuliza.

"Ile ya mama yako. Ngoja kwanza, funga mulango."

"Ulikunywa?"

"Nilitumia kwa picha."

"Ingine iko wapi?"

Nilionyesha ndoo. Aliweka kikapu chini. Akachukua kitambaa akapangusa meza, akapiga magoti akapangusa sakafu, na kile kitambaa hakukikamulia ndani ya ndoo. Alitoka nacho, akakikamulia kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, taratibu, mpaka tone la mwisho. Nilishukuru kwamba hakugomba. Kesho yake baada ya misa alisema anaenda kusalimia mama yake. Alifunga vikwembe vitatu, nguo zake za kujifunga, katika kitambaa. Mtu wa kusalimia hafungi vikwembe vitatu, hilo hata Mulega angeliona, kama angekuwa anatazama.

Wiki ilipita. Ya pili nilimweleza muzee wa retushi, nikitania, kwamba wanawake wa Kishi wanakasirikia maziwa. Aliweka kalamu chini.

"Ng'ombe ya mahari ilizaa, bakakutumia maziwa ya kwanza," alisema. "Njo kusema: mukwe, ng'ombe yako iko, na weye uko mutu wa hapa. Na weye ukamwanga chini. Unajua ulibajibu nini?"

"Nini?"

"Ulisema: ng'ombe yangu ilikufa."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

"Sasa nifanye nini, muzee?"

"Uende. Weye mwenyewe, na pombe ya kasiksi, upige magoti. Batakupatia maziwa, utakunywa mbele yao. Barua, apana. Kutuma mutu, apana. Sasa banapanda maharagi. Bakivuna na haujafika, batakurudishia ng'ombe yako. Na ng'ombe ikirudi, hauna bibi."

Ningeweza kupanda kamyo Jumamosi ile ile. Walungu si Ulaya. Lakini kiburi kilinishika. Nipige magoti kwa sababu ya kibuyu cha maziwa? Mimi niliyemtafuta yule ng'ombe kwa taabu yote ile? Nilisema nitakwenda wiki ijayo, hasira zipoe, zao na zangu. Jioni ile nilisafisha filimu ya maziwa, iliyokuwa imekaa mfukoni muda wote huo.

Taji lilikuwemo. Picha moja tu kati ya zote, lakini lilikuwemo, limesimama na vishanga vyake, jeupe juu ya weusi. Nilifungua mlango wa chumba na filimu ikidondoka maji mkononi, nikamwita kwa jina lake, "Kuya uone!"

Hakuna mtu aliyekuja. Nilikuwa nimesahau. Jina lake lilikuwa limekwisha kunitoka mdomoni, na nyumba ikalinyamazia. Nililia, sioni haya kulisema. Nilisimama pale na kitu nilichokitafuta kwa miezi, na mtu wa kumwonyesha hayupo, na aliyemfukuza ni mimi.

Ndipo nikapata wazo ambalo lilionekana kuwa la akili sana. Nitawapelekea picha. Wataona maziwa yao yalikuwa nini. Wataelewa kwamba sikumwaga, nilijenga. Lakini nilipoitoa kwenye karatasi kubwa niliona taji limekatika upande wa kushoto, kamera ilikuwa imesogea kidogo. Mtu hawezi kuwapelekea wakwe taji lililokatika. Nikanunua kopo la maziwa ya unga nikaanza tena.

Sijui niyaelezeje majuma yale. Nilipika bugali wa watu wawili, kwa sababu mkono ulizoea kipimo, na nikala mabaki yake asubuhi na dagaa baridi wa sambaza. Mvua ilipiga mabati mpaka nikashindwa kusikia tone, nikakaa gizani na kidole juu ya flashi nikingoja ikatike, saa nzima, bila kazi, bila mtu. Nilihesabu kwa sauti ili nisikie mtu akizungumza. Wakati mwingine mwanga uliangaza chumba chote na niliona kiti chake, na kanga za ukutani alizozitundika, halafu giza likarudi na nikaendelea kuviona machoni. Nilimtaka yule mwanamke mpaka kifua kiliuma. Na nikifikiri kupanda kamyo, nilijiambia: picha kwanza.

Siku moja nilitoa filimu za zamani, zile za maji, kuona kosa la mwanga. Pembeni mwa karibu kila moja vilikuwemo vidole vyake vimeshika mpira. Kidole gumba na cha shahada, na pete. Nikatafuta nyumba nzima picha nyingine yake. Haikuwepo. Nilikuwa nimepiga mji mzima, na mke wangu nilikuwa naye vidole viwili.

Muzee wa retushi hakuniuliza tena kitu. Aliniambia tu habari za mashamba, kila Jumatatu, bila kuinua kichwa.

"Maharagi inatoa maua."

"Nimesikia, muzee."

Na baadaye, "Maharagi ilishafunga." Na baadaye tena, "Inaanza kukauka. Mvua ikikatika, batangoa."

Wiki hiyo nililipata. Taji lile halikuwa na kosa hata moja. Duara kamili, vishanga nilivihesabu, hakuna hata kimoja kilichoanguka, na kivuli chake chini yake. Nililiweka juu ya meza ya muzee. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hakuna ya kutengeneza," alisema, na hilo halijatoka kinywani mwake tena maishani. Halafu akasema, "Sasa enda."

Nilikwenda kesho yake alfajiri, dumu la kasiksi katikati ya magoti yangu na picha ndani ya kartoni juu ya kifua. Kasiksi ilichemka njiani ikamlowesha mama mmoja kikwembe, nikatukanwa mpaka Walungu. Maharagwe yalikuwa bado yamesimama mashambani, makavu, ya njano. Nilifurahi sana kuyaona. Nilijiambia nimefika kwa wakati.

Walinipokea kwa heshima. Baba mkwe alikaa kwenye kiti chake, mama mkwe karibu na mlango, mke wangu nyuma yao juu ya mkeka. Alikuwa amekonda. Niliweka kasiksi chini, nikapiga magoti, nikasema nimekosa. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, magoti hayakuvunjika. Baba mkwe alimwonyesha mkewe kwa kidevu, na kibuyu kikaletwa.

Hapo ningenyamaza nikanywa. Lakini nilisema, "Papa, kwanza nikuonyeshe kitu," na nikafungua kartoni.

Alishika picha kwa ncha za vidole. Aliitazama kwa muda mrefu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akampa mkewe. Mama mkwe alisema ni kitu kizuri, hajawahi kuona. Nilijaa furaha. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa ananitazama mimi, si picha.

"Hii njo maziwa ya ng'ombe yetu?" baba mkwe aliuliza.

Ningeweza kudanganya. Nani angejua? Lakini mpiga picha ana ujinga wake, anataka kazi ielezwe sawasawa.

"Apana, papa. Hii ni ya kopo."

"Na ile ya ng'ombe?"

"Nayo ilitoka. Lakini ilikatika kwa upande. Niliiacha nyumbani."

Akarudisha picha ndani ya kartoni kwa uangalifu, akanikabidhi. Halafu akasogeza kibuyu mbele yangu, nikanywa. Nilikunywa yote. Tumbo langu haliyataki, lakini sikuacha mpaka kibuyu kikawa kitupu. Aliponiona nimemaliza alikohoa akasema, "Yangu imeisha, mukwe. Ng'ombe inabakia hapa. Bibi yako, umuulize mwenyewe."

Mke wangu alinisindikiza mpaka barabarani, kama inavyofanywa. Tulipita kati ya maharagwe, yeye mbele, mimi nyuma na kartoni. Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia habari ya bugali wa watu wawili, ya vidole na pete, na jinsi nilivyomwita gizani. Sikujua lianze lipi. Tulifika kwenye barabara, kamyo haijaonekana, na yeye akanigeukia.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Ulikuya juu yangu, ao juu ya kuonyesha ile picha?"

Kwa ajili yake, au kwa ajili ya picha: ni swali ambalo mume hapaswi kulifikiria. Mimi nililifikiria. Nilisimama pale kwa uaminifu wangu wote wa kijinga nikitafuta jibu la kweli, na yeye alingojea, mtu asije akasema hakungojea. Kamyo ilitokea kwenye kona, ikasimama, tanboi, utingo wake, akapiga bati, na ndipo nikasema, "Juu yako."

Akatikisa kichwa polepole. Akanipa mkono, kama anavyopewa mgeni, akarudi kwao.

Wiki iliyofuata, maharagwe yakiwa yameng'olewa, ng'ombe aliletwa Nyalukemba na vijana wawili, na baba mkwe alituma salamu kwamba yeye alikuwa amemaliza, ila binti yake amekataa. Sikumlaumu. Mke wangu nilimtaka kila siku ya miezi ile mitatu, na sikuondoka nyumbani. Siku niliyoondoka, kilichoniondoa ilikuwa picha.